Maganda Thelathini na Moja ya Gedi

Ganda la risasi lililokwisha kupigwa huchoka mdomoni kwanza. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa kazini, na kwa kuwa ninyi vijana wa karakana mmenitaka niandike ninayoyajua kabla sijayasahau, nitaanza nalo. Baruti ikiwaka, shaba ya njano hupanuka na kuubana mtutu, kisha hurudi. Ikipanuka na kurudi mara nne au tano huwa ngumu na kavu kama ukucha, na mdomo huanza kupasuka. Lishike ganda juani, lizungushe polepole, utaona ufa mwembamba kama unywele. Asiyeuona hulijaza tena, na bunduki humwonyesha.

Sitaandika juu ya vyeo. Niliingia kazini nikiwa mtu wa karakana na nimetoka nikiwa mtu wa karakana mwenye miwani.

Nilianzia Nairobi, katika duka la bunduki, kabla ya Uhuru. Nilikuwa kijana wa Kitui mwenye darasa la sita na shati moja la heshima. Aliyenipokea ni Fundi Karsan, Mhindi mfupi aliyevaa sweta hata mwezi wa Februari. Wateja wetu walikuwa wakulima wa Kizungu na wawindaji wenye leseni. Wengi wao walijaza risasi zao wenyewe nyumbani, mezani, baada ya chakula, na walituletea maganda yaliyotumika katika mabati ya biskuti ili tuyatayarishe. Siku yangu ya kwanza Fundi Karsan alinimwagia bati moja mezani akasema niyapange kwa alama zilizopigwa kitakoni. Nilipanga hadi alasiri. Alikuja, akapitisha kidole juu ya mafungu, akatoa ganda moja akaliweka mbele yangu.

"Hii nini?"

"Nimekosea moja tu, fundi."

"Bunduki napasuka na ganda ngapi?"

Nililitazama lile ganda.

"Moja tu," akasema, akayachanganya yote upya. "Panga tena."

Kwa miaka sita nilifanya kazi hiyo. Kwanza unang'oa fataki iliyokufa, kile kidude cha kuwashia baruti kilicho kitakoni, kwa msumari butu na nyundo nyepesi. Fundi Karsan hakukubali hatua nyingine itangulie hiyo. Ganda lenye fataki iliyokufa, alisema, ni sufuria yenye ukoko, na hakuna anayepika juu ya ukoko. Kisha unaosha, unakausha juani, unapitisha waya uliopindwa ndani ili kuhisi kama ukuta umeliwa karibu na kitako. Halafu unalainisha shingo kwa moto, unalirudisha ganda katika kipimo chake, unapunguza mdomo kwa tupa, na unaondoa makali. Mwisho unapima. Fundi Karsan alinipa kipimio cha chuma chenye taya mbili, na mimi nikajinunulia kamusi na vitabu vya Kiingereza vilivyochakaa, vya kando ya barabara, nikajifunza madini ni nini na kwa nini moto huyabadilisha. Hakuna aliyeniambia nisome. Hakuna aliyenikataza pia, na wakati ule hiyo ilikuwa nafasi kubwa.

Jambo jingine alilonifundisha lilihusu karatasi za majibu tulizowaandikia wateja. Mteja akiuliza kama ganda limepasuka, mwambie limepasuka au halikupasuka. Usimwambie bunduki yake ni mbovu, usimwambie mkono wake unatetemeka. Jibu ulichoulizwa, funga mdomo. Nililishika neno hilo kuliko yote, kwa sababu lilikuwa rahisi kulishika.

Uhuru ulipokuja wakulima wengi waliuza mashamba, Fundi Karsan akafunga akaenda kwao, na serikali ikawa inatafuta mtu anayejua bunduki wa kukaa Garissa, kwenye ghala la silaha. Vita vya shifta, waasi wa Kisomali wa kaskazini, vilikuwa vimeshaanza. Niliambiwa tu kwamba huko ni joto.

Ni kweli, kulikuwa na joto. Karakana ilikuwa ya mabati, ukuta na paa, na saa sita mchana huwezi kushika jiliwa bila kitambaa. Mchanga uliingia kila mahali, katika komeo za bunduki, katika chai, katika daftari. Kazi yangu ilikuwa kusafisha na kutengeneza bunduki za .303, na kupokea maganda. Kila risasi iliyotoka ghalani ilitakiwa irudi ikiwa ganda, au yaje maelezo ya maandishi. Nilipokea maelezo mengi. Ukiyaamini, fisi wa wilaya ile walikuwa wanakula shaba.

Na maganda yaliyorudi nayo yalisema. Kila komeo huacha mkwaruzo wake, na baada ya miezi michache nililijua ganda la kila bunduki kama mwalimu anavyojua miandiko ya darasa. Siku moja lori letu lilipita barabara ya Wajir, nikaona ngamia kumi na zaidi wamelala kando wamevimba, na mwanamke ameketi kati yao, hatazami gari. Maganda ya kazi ile yalikuwa yameshafika mezani kwangu. Kwenye karatasi iliandikwa kwamba shifta walishambulia wakarudishwa nyuma. Niliyahesabu, nikatia sahihi kwamba yametimia. Hilo ndilo nililoulizwa.

Gedi nilimjua kwa sababu ya koleo. Langu lilivunjika, na kungoja jingine kutoka Nairobi kulikuwa kungoja miezi. Nikaelekezwa kwa mhunzi katika bulla, mtaa wa Wasomali, iliyo nyuma ya soko. Nilimkuta mtu mrefu, mkavu, ameketi chini mbele ya fuawe dogo, na mkewe Habiba anavuta mvukuto. Alilitazama koleo langu akacheka.

"Serikali imefunjika," akasema.

Alilitengeneza likawa bora kuliko lilivyokuwa jipya. Nikarudi kesho yake na kazi nyingine, kisha nikawa narudi bila kazi.

Gedi alikuwa Tumaal, ukoo wa wahunzi, ambao Wasomali wengine hawaoani nao. Alinieleza mwenyewe, bila kupunguza sauti, watu wakipita. "Wanakuja kwangu na kisu, na jembe, na kengele ya ngamia. Na binti hawaji." Mimi nilikuwa Mkamba, Mkristo, mtu wa serikali, ninayelala ndani ya uzio. Nadhani tulifaana kwa kuwa hakuna mwingine aliyetuhitaji baada ya kazi. Tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia na kubishana juu ya moto. Yeye aliujua kwa rangi na sauti, mimi kwa vitabu. Nilikuwa nachomoa kipimio changu kila mara, napima alichokifua, na yeye hakuniacha.

"Mutisya, mke yako ulipima na hiyo chuma?"

"Sina mke."

"Basi alikataa kupimwa."

Habiba aliziba uso kwa shuka akicheka, akaacha kuvuta mvukuto, na Gedi akamfokea kwamba moto unakufa kwa sababu ya Mkamba.

Kitu alichouza zaidi Gedi kilikuwa vijaluba vya wanja. Wanawake wa kule hutia wanja machoni, na unga wake huuweka ndani ya ganda la risasi lililong'arishwa, lenye kizibo cha mti na kijiti cha kupakia. Ganda linafaa sana, kitako chake kimezibwa tayari. Habiba alikuwa akiyaokota alipokwenda kuni, upande wa uwanja wa shabaha, yale ambayo askari walikuwa wavivu kuyainamia. Gedi aliyasafisha na kuyapanua mdomo kidogo ili kizibo kikae. Vizibo vilichongwa Hadado, kijiji cha upande wa Wajir, na dada yake Habiba, na soko lilikuwa Griftu, huko huko, siku ya mnada wa mifugo.

Shida yake ilikuwa ile ile niliyoanza nayo. Midomo ilikuwa inapasuka. Katika kila matano alitupa mawili. Nilimtazama akitupa kwa wiki kadhaa, kisha nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia alete karai. Nikayasimamisha maganda ndani ya maji yaliyofika mabegani mwake, shingo zikabaki nje, nikamwonyesha kuzipasha moja moja kwa moto mkali hadi rangi inapogeuka, halafu unaliangusha ganda majini hapo hapo. Shingo inalainika, kitako kinabaki kigumu. Nikamwonyesha pia kuosha kwa maji ya ukwaju badala ya mchanga. Gedi alipanua mdomo wa ganda la kwanza kwa kijiti cha chuma. Halikupasuka. Akafanya la pili, la tano, la kumi.

"Wallahi," akasema, "miaka kumi na tano nimefunja shaba kama mtoto."

Njia ile huacha alama. Kila shingo hupata ukanda wa rangi ya samawati na kahawia, na kwa kuwa maji ni ya karai moja, ukanda huishia urefu ule ule katika maganda yote. Fundi mwingine angelainisha kwa kuyashika na kibano juu ya makaa, na rangi ingepanda na kushuka. Ukanda ulionyooka ulikuwa wa Fundi Karsan, kisha wangu, na sasa ulikuwa wa Gedi.

Nilijua pia jambo ambalo yeye hakulijua. Chini ya sheria za hatari za wakati ule, kukutwa na kitu chochote cha risasi kungeweza kuitwa kosa. Nusu ya wanawake wa mji walikuwa nacho, na hakuna aliyewauliza. Nikaona si kazi yangu kumtisha mtu kwa jambo ambalo haliulizwi.

Inspekta wetu alikuwa mtu wa bara kama mimi, sitamtaja jina. Alikuja karakana asubuhi akaweka kifuko cha turubai mezani. Kilikuwa kimetolewa kwenye lori la mfanyabiashara aliyekuwa akienda Griftu. Mfanyabiashara alipobanwa alisema vitu ni vya Gedi mhunzi, na Gedi alikuwa ameshachukuliwa alfajiri.

"Wewe ulifanya kazi duka la bunduki," Inspekta akasema. "Mwaga utazame."

Nilimwaga. Yalikuwa thelathini na moja, .303, safi, yanang'aa kwa ukwaju. Kila shingo ilikuwa na ukanda wa samawati ulionyooka kama umepigwa rula.

"Shifta wameanza kuishiwa na risasi," akasema. "Sasa wanataka kuyajaza tena. Hapa kuna mtu aliyesomea. Mtu wa porini hajui kazi kama hii. Au sivyo?"

"Ni kazi safi, bwana."

"Nani anaweza kumfundisha Msomali kazi hii?"

Nilianza kuyahesabu upya. Wiki chache kabla, dereva wetu mmoja alikuwa amempa mchungaji nafasi nyuma ya lori, mchungaji akakutwa na risasi mbili, na dereva hatukumwona tena. Hakuna aliyeuliza alipelekwa wapi. Mimi ndiye niliyepewa kuosha damu kwenye sakafu ya lori, kwa kuwa nilikuwa na brashi.

Inspekta hakungoja jibu. Alinipa karatasi yenye maswali matatu. Je, maganda yamesafishwa? Je, yamelainishwa kwa moto? Je, midomo imetengenezwa kwa chombo? Chini yake palikuwa na nafasi ya mistari minne, juu yake pameandikwa: Maelezo mengine ya mtaalamu.

Akaniacha nayo. Nilichukua ganda moja moja nikapima. Sikuwa na haja ya kupima, ila mikono yangu ilitaka kitu cha kufanya. Midomo yote ilikuwa imepanuliwa. Kichwa cha risasi kingedumbukia ndani kama jiwe kisimani, hakuna ambacho kingekishika. Na kitakoni fataki zote zilikuwa mahali pake, zimekufa, zimebonyea katikati, thelathini na moja. Hakuna mtu duniani anayetayarisha ganda la kujaza akaacha fataki ndani. Jambo hilo moja ningeweza kumwambia mtoto wa shule, naye angeelewa. Yalikuwa vijaluba vya wanja vinavyongoja vizibo kutoka Hadado.

Ningeliandika hilo, swali la pili lingekuwa: umejuaje? Na la tatu: ulikuwa unakwenda kwake kufanya nini?

Nikaandika: Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Katika nafasi ya maelezo mengine nikapiga mstari mmoja wa rula, wa kukatiza, kama tulivyozoea kufanya ili mtu mwingine asiongeze maneno. Nikatia sahihi. Hakukuwa na neno la uongo katika karatasi ile. Nimeisoma moyoni maelfu ya mara na sijapata kosa.

Vijana, mnapewa karatasi za namna hiyo bado. Nimeziona. Nafasi iliyo chini haikuwekwa kwa ajili ya urembo.

Kesi ilisikilizwa katika darasa la shule, madawati yamesukumwa ukutani. Wazee wa mji walikuwepo wachache. Kila mmoja wao alikuwa na mke au mama mwenye kijaluba nyumbani, na kila mmoja alitazama nje ya dirisha. Kusema kwa ajili ya mtu wakati ule kulikuwa hatari, na kusema kwa ajili ya Tumaal hakukuwa na faida. Siwahukumu. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na meza kuliko wao.

Gedi aliingizwa amefungwa mikono kwa mbele. Alisema vitu vile ni vya wanja. Aliulizwa vizibo viko wapi, akasema Hadado. Hakimu akauliza Hadado ni wapi, na mtu mmoja akacheka. Kisha karatasi yangu ikasomwa, ndiyo tatu, na mstari hausomwi.

"Kazi hii ya moto," hakimu akasema, "nani alikufundisha?"

Gedi alinitazama. Alinitazama kwa muda kama wa kumeza mate, akageuka.

"Hakuna mtu. Nimejua mwenyewe."

"Uliijua mwenyewe?"

"Mimi mhunzi. Baba yangu mhunzi. Moto nani atanifundisha?"

Niliona amenisamehe, ameniachilia niende. Hakimu akanigeukia, akauliza kama nina la kuongeza juu ya taarifa yangu. Gedi alikuwa amesimama wima sana, uso umenielekea, macho yamefunguka, na mimi nikaona ni woga.

"Sina, bwana," nikasema.

Alipewa miaka saba, akapelekwa jela ya bara, mbali na joto. Watu wa Garissa huogopa baridi kuliko njaa.

Nilifanya kazi. Vita viliendelea, watu wakakusanywa ndani ya uzio vijijini, mifugo ikafa au ikauawa, na maganda yakaendelea kuja mezani, nami nikayapanga. Habiba nilimkwepa. Sokoni nilizunguka upande wa pili. Katika mwaka wa pili wa kifungo alikuja mwenyewe kwenye lango la boma, akamwomba askari aniite, kwa sababu alikuwa amepata barua ya serikali na hajui kusoma. Nilisimama naye juani nikaisoma. Ilikuwa na mistari mitano. Mfungwa alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa mapafu na kuzikwa na wakuu wa jela.

"Umesoma yote?" akauliza.

"Yote."

"Inasema kaburi iko wapi?"

"Haisemi."

Akaikunja mara nne akaiweka kifuani, akaniambia, "Mungu akulipe, walaal." Walaal ni ndugu. Nikarudi ndani. Siku ile nilirekebisha komeo tatu, na nakumbuka zote tatu.

Baada ya vita nilihamishwa, kisha nikahamishwa tena, na mengine mnayajua kwa kuwa wengi wenu mlinikuta. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini sikubali mtu apige mstari kwenye fomu. Mmenipa na jina kwa ajili hiyo, nalijua.

Mwezi uliopita, siku tisa baada ya kustaafu na kurudisha funguo za karakana, nilipanda basi kwenda Garissa. Nilikuwa nimejiandaa nitakachosema, kwa mpangilio, kama taarifa. Habiba nilimpata kwa urahisi, anauza maziwa sokoni, mzee sasa, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho. Alinijua kwa sauti.

"Mutisya. Umekuwa mnene."

Akaniwekea debe la kukalia, akanimiminia chai. Nilimwambia yote bila kupumzika. Kwamba mimi ndiye niliyeandika, kwamba fataki zilikuwa ndani, kwamba midomo ilikuwa mipana, kwamba niliona na sikusema kwa kuwa kazi ile nilimfundisha mimi.

"Najua ulimfundisha," akasema. "Mimi si nilikuwa hapo? Ukwaju nani alikamua?"

"Na karatasi?"

"Sijui karatasi. Najua ulikaa pale na haukusema." Alimpimia mteja maziwa, akamrudishia chenji, akaketi tena. "Ile asubuhi ya kesi nilimpelekea chai kwa uzio. Nikamwambia, Gedi, taja Mutisya. Sema ni yeye mwalimu yako, aitwe aseme ni ya wanja. Akakataa. Akaniambia, wewe mwanamke hujui bolisi. Nikimtaja, watamshika na yeye pia, halafu maneno yake itakuwa maneno ya mshtakiwa. Wacha abaki msafi. Mtu msafi wa serikali akisema, watasikia."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Sikuweza kukiinua wala kukiweka.

"Kwa hiyo pale aliposema hakuna mtu..."

"Alikuwa anakufungulia mlango," Habiba akasema. "Usiku wote alifikiria hiyo maneno."

Nikamwuliza kama Gedi alinilaani. Nadhani nilikuwa natamani aseme ndiyo. Alifukuza nzi juu ya kibuyu.

"Hapana. Alifikiri ulishikwa na hofu mbele ya watu, na utaenda kwa Inspekta baadaye, peke yako. Mara mbili alituma neno kutoka jela, kwa watu waliotoka. Anauliza, Mutisya amekwenda? Mtu amefungwa, anatapika damu, utamwambia nini?" Akaugeuza uso wake kunielekea, jicho zima na jicho bovu. "Nikamwambia ndiyo. Amekwenda, amesema yote, karatasi yako ya kutoka iko njiani."